Wawili kwa Mrefu Mmoja

Kwenye timu yetu ya wanawake ya basketball mtu akijadiliwa anatumwa chai. Hakuna aliyeiandika hiyo sheria. Jumapili asubuhi tukimaliza mazoezi tunakaa kwenye mkeka kando ya uwanja, kule karibu na Al Twar, Dubai, na kepteni anachagua wa kwenda kafeteria ng'ambo ya barabara. Huyo akirudi na vikombe, mambo yake yameshaamuliwa. Kepteni anasema ni adabu, kwao Mombasa mtu hasemwi mbele ya uso wake. Kwetu Nakuru anasemwa usoni, tena kwa sauti, lakini kepteni ni yeye.

Jumapili hiyo alitutuma wawili, mimi na Mganda wetu wa mkono wa kushoto.

"Leteni karak tisa," alisema. "Na msikimbie, jua bado."

Kepteni wetu anauza vitambaa Bur Dubai na siku nzima anawaambia watu fanya haraka, yalla, chagua rangi. Kumsikia anasema msikimbie kulinitosha.

Tulikuwa tunajua ni nini. Sisi wawili ndio wadogo wa timu, mimi miaka ishirini na moja, mwenzangu ishirini na mbili. Na ndio wazuri uwanjani, sisemi kwa majivuno, hata wao walikuwa wanasema. Lakini mzuri kuliko wote alikuwa Dada. Dada ni Mtanzania, ana thelathini na kitu, anafanya kazi ya yaya kwenye villa hapo hapo Al Twar. Kwao alichezea mkoa. Hapa alikuwa anafunga nusu ya vikapu vyetu, na timu zingine zilimwekea watu wawili, wakati mwingine watatu. Wiki mbili kabla ya hapo alimwambia kepteni msimu huu hachezi kama hatutapata mtu mrefu wa kusimama naye chini ya ringi.

Mtu mrefu alikuwepo mmoja tu kwenye ligi yetu. Ni Mkenya, sekyuriti wa jengo moja Marina, na alikuwa anachezea timu ya huko. Kwenye ligi ukishaandikwa timu moja huhami, ila timu zenyewe zikikubali kubadilishana. Kepteni wa Marina alikubali. Alitaka vijana wawili.

Kafeteria, mzee wa chai alisema maziwa ndiyo kwanza yanawekwa, tungoje. Mganda akakaa kwenye kiti cha plastiki, akatoa simu.

"Wewe utakaa tu?" nilimuuliza.

"Wanazungumza. Waache wazungumze."

"Wanatuuza."

"Sasa mimi nalala Marina," alisema. "Kila Jumapili natoka gizani, metro, basi, ndio nifike huku. Wakiniuza nitalala mpaka saa mbili."

Hakuwa anatania. Nilimwacha hapo nikarudi mikono mitupu.

Niseme kwa nini iliniuma, kwa sababu mtu anaweza kusema mpira ni mpira. Mimi ni weita. Siku sita nasema yes madam, sorry sir, na kwenye chumba tunacholala hakuna mwingine anayeongea Kiswahili. Mwezi wangu wa kwanza Dubai sikuwa najua mtu. Nilikutana na kepteni dukani kwake, nimetumwa na mgahawa kununua vitambaa vya meza, akanisikia nikihesabu kwa Kiswahili peke yangu. Akaniuliza nacheza nini. Jumapili iliyofuata nilikuwa uwanjani. Meneja wangu nilimbembeleza miezi mitatu anipe ofu Jumapili. Timu ya Marina inafanya mazoezi Jumamosi.

Nilipofika kwenye mkeka kepteni akaangalia mikono yangu.

"Chai iko wapi?" kepteni akauliza.

"Inachemka."

"Basi rudi uingoje, mwanangu."

"Sirudi. Nataka kusikia."

Mmoja wetu, nesi kutoka Mwanza, akacheka. "Huyu mtoto bwana. Hata uji angeunywa haujaiva."

"Si ni mimi ndio nabadilishwa? Nisemeni nikiwa hapa."

Kepteni akavua kofia yake, akakaza hijabu, akaivaa tena. Anafanya hivyo akitaka kukasirika na hataki. "Hapa ndivyo tunavyofanya. Anayesemwa huenda chai."

"Sawa. Na Dada? Yeye si anasemwa pia? Mbona amekaa?"

Nilikuwa nimelibeba hilo swali kutoka kafeteria na sikuweza kulishika tena. Dada mwenyewe akainuka, akapangusa vumbi.

"Kweli," alisema. "Mtoto amesema kweli. Twende mdogo wangu, tukawaletee."

Nikabaki sina ujanja. Nilitaka kukaa nisikie na sasa nimejifukuza mara ya pili. Tulivuka barabara pamoja, yeye akitembea polepole, mimi nikimtangulia na kumngoja.

"Unanichukia," alisema.

"Hapana. Lakini kwa nini lazima mrefu? Unafunga hata hivyo."

Akanionyesha kwa mkono upande wa mbavu, chini ya kwapa. Mechi ya mwisho ya msimu uliopita alipigwa kiwiko hapo. Hilo tulijua, tuliliona. Tusilolijua ni kwamba kesho yake alishindwa kumbeba mtoto wa madam. Mtoto ana miaka miwili na ni mzito, na yaya asiyeweza kumbeba ana kazi gani. Madam hakupiga kelele. Alimwambia tu, siku nyingine ukirudi umeumia, basketball khalas, na ofu utakaa nyumbani.

"Yeye si mbaya," Dada alisema. "Mtoto akianguka nitamwambia nini?"

"Ungewaambia wote. Mimi nilidhani unaringa."

"Nikisema, mtaniwekea watu wa kunihurumia. Sitaki kuhurumiwa. Nataka mtu mrefu."

Tulimkuta Mganda bado yuko kwenye kiti chake. Chai ilikuwa tayari, mzee anafunika vikombe. Tukagawana, vitatu vitatu, tukarudi.

Kwenye mkeka walikuwa bado hawajamaliza. Nadhani kepteni alichoka na adabu yake siku hiyo, kwa sababu hakututuma tena. Akasema tukae lakini sisi watatu hatupigi kura.

Nesi alikuwa upande wetu. "Hawa watoto msimu ujao watakuwa wanabeba timu. Dada ana umri. Mnauza mbegu mle ugali leo."

"Msimu ujao gani?" kepteni akamuuliza. "Wewe kandarasi yako inaisha lini?"

Nesi alihesabu kwa vidole. "Februari."

"Utarudi?"

"Inshallah. Sijui."

"Mimi arbab wangu, bosi, anataka kufunga duka," kepteni alisema. "Huyu visa yake miaka miwili, na yule miwili. Hawa watoto wenyewe, mwaka ujao mmoja yuko Doha, mwingine yuko kwao ameolewa. Timu za kwenye televisheni zinaweka vijana kwa sababu miaka kumi mbele bado ziko. Sisi tuko huu msimu. Mimi nataka nishinde nikiwa bado niko hapa."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi kuhusu kesho ya timu, na nilipohesabu vichwa kwenye ule mkeka sikuona hata mmoja ambaye kesho yake inajulikana, mimi nikiwemo.

Nilisema kitu kimoja tu. "Jumamosi sina ofu."

"Nitaongea na meneja wako," kepteni alisema. "Mume wake hununua kwetu."

Wakapiga kura kwa mikono. Wanne walitaka tubadilishane, wawili walikataa. Mganda akanywa chai yake. Mimi yangu nilimwachia nesi.

Kepteni aliongea na meneja kweli. Wiki mbili baadaye ofu yangu ilikuwa Jumamosi na nilikuwa na fulana ya Marina, ndefu, ya mtu mwingine kabla yangu. Sitasema walinipokea vibaya. Walinipa dakika nyingi kuliko zile nilizokuwa napewa kule. Baada ya mazoezi kila mtu, hata Mganda, anakimbilia shifti, hakuna mkeka. Kwa wiki tatu nilirudi chumbani bado nina maneno kinywani.

Mechi ya nne tukakutana nao. Ilikuwa asubuhi na mapema, kabla ya shifti, uwanja wa kukodi, mashabiki ni watu sita na mlinzi. Kepteni alinikumbatia akaniambia nimekonda. Dada alinishika shingo tu.

Kipindi cha kwanza nilipata mpira pembeni, nikampita mtu wangu, na mbele yangu akabaki Dada peke yake. Mkono wake ulikuwa juu na mbavu ziko wazi. Ningeingia kwa bega. Ndivyo nilivyofundishwa shule, ndivyo yeye mwenyewe alivyonifundisha. Nikasimama, nikarusha kutoka mbali, mpira ukagonga chuma.

Tulipokuwa tunarudi nyuma akanipita karibu. "Umenihurumia," alisema. "Fanya hivyo tena uone benchi."

Kepteni wangu mpya naye alikuwa anapiga kelele vile vile kutoka upande wa pili.

Dakika chache baadaye nikapata tena pale pale. Safari hii niliingia. Nilimwona Dada akinijia, nikainamisha bega, nikaruka. Sikumfikia. Mkono mwingine ulitokea nyuma yake, mrefu, wa yule sekyuriti, ukaufagia mpira kabla haujaniacha vizuri, ukaenda mpaka kwenye uzio wa waya. Mimi nilianguka chini. Dada hakuguswa hata nguo.

Kwa hiyo nilikiona walichonitolea. Hata mimi ningekitaka.

Refa akasema mpira ni wa Marina. Nikauendea pale kwenye uzio, nikasimama nje ya mstari, nikaanza kuwatafuta wenzangu wa kuwapa pasi, na nilichelewa kidogo kwa sababu macho yalienda kwanza kwenye fulana zile za zamani.