Nilihisi Lulu Anachechemea, Nikamsukuma

Nilikosa. Wala sina wa kumsingizia, maana juu ya farasi nilikuwa peke yangu.

Mimi ni mwanamume wa makamo, Mkenya, mwenye digrii mbili na kitambi kimoja. Nafanya kazi ya ofisini Oud Metha, hapa Dubai. Nilijifunza kupanda farasi ukubwani, umri ambao wenzangu wanajenga nyumbani. Farasi mwenyewe alikuwa jike, Lulu, niliyemmiliki kwa ubia na Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari aliyezaliwa huku huku. Tulimpanda kwa zamu. Lulu aliwahi kuumia kano ya mguu wa mbele, akapona. Daktari alisema kuruka viunzi vya chini anaweza, mradi asilazimishwe.

Yakaja mashindano ya wikendi, ya sisi tunaopanda kwa kujifurahisha. Jumamosi farasi anaonyesha utiifu wake uwanjani, Jumapili anakimbizwa nje mchangani akiruka magogo na madimbwi. Zamu ilikuwa ya Bi Zuhura. Nilimbembeleza mpaka akaniachia.

"Haya, mchukue," alisema. "Lakini huyu kwangu ni mtoto, unajua. Ukimhisi mguu tu, inua mkono, utoke, khalas. Hapana atakayekucheka."

Jamani, wa kunicheka walikuwepo, na niliwaalika mwenyewe! Nilikuwa nimelitangazia kundi letu zima la WhatsApp, la Wakenya wa huku. Walikuja na chapati, na bendera, na Wafula, msimamizi wa walinzi kutoka Al Garhoud, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

Jumamosi ilipita salama. Jumapili, kwenye dimbwi, Lulu akasimama ghafla. Nikamkumbatia shingo kama mtu aliyeona mamba.

"Mkubwa!" Wafula akapaza sauti. "Umempanda ama unamchumbia?"

Walicheka, wee! Nami, msomi mzima, masikio yakawaka moto. Nikamgeuza Lulu, nikamchapa fimbo, mimi ambaye sikuwahi kumchapa. Akaruka. Akatua vibaya.

Na nilihisi! Kosa langu ni hilo, mengine yote ni mapambo. Hatua moja ya mbele ilikuwa imefupika, kidogo sana, kiasi ambacho mtu wa pembeni haoni lakini aliye tandikoni hawezi kukikosa. Vilibaki viunzi vitatu. Kuinua mkono kungenichukua muda wa kupiga chafya. Nikawaza kicheko cha Wafula. Nikauacha mkono kwenye hatamu, nikamsukuma.

Akaruka cha kwanza. Akaruka cha pili huku akiguna. Cha mwisho kilikuwa mbele ya watu wangu, naye akakiruka kwa sababu tu nilimwomba. Vigelegele! Bendera! Niliposhuka, Lulu hakuweza kuukanyaga ule mguu.

Bi Zuhura alikuja mbio, akapiga magoti vumbini na abaya lake, akaupapasa mguu kwa vidole viwili.

"Imeanzia wapi?"

"Sijui. Sikuhisi kitu."

Hakuinua sauti. "Miaka yote unampanda," alisema, "leo ndiyo hukuhisi kitu." Kisha akanipa kisogo, akaanza kuzungumza na Lulu.

Kano ilikuwa imechanika. Lulu hatapandwa tena, na kutembea kwenyewe anatembea kwa taabu. Bi Zuhura amemhamishia zizi jingine, na mlangoni wameambiwa nisiruhusiwe kuingia. Nimempigia mara nyingi nimwambie ukweli. Hapokei. Ndiyo maana nawaambia ninyi, ambao hamkuniuliza!

Uchungu mwingine ni huu. Wafula alipiga picha ya kiunzi cha mwisho. Kwa kweli ni picha nzuri: Lulu yuko hewani, mimi nimekenua meno. Ndiyo picha ya kundi letu mpaka leo. Kila Mkenya mgeni akiingia anaandika, "Hongera, mzee! Umetuwakilisha!"

Na mimi, Mungu anisamehe, huwa najibu, "Asante sana."

Ndugu yangu unayesoma, kama unatamani sana kutazamwa, tafuta kitu kisicho na damu. Panda baiskeli. Ukiilazimisha ikavunjika, utakayebebwa ni wewe.