Kuku wa Barafu Kwapani

Ulikuwa mwaka ule Waingereza walipoikimbia nyama ya ng'ombe. Mnaukumbuka, nyinyi wenzangu mliofika London na sweta moja. Ng'ombe wameingiwa na wazimu, runinga inamwonyesha mmoja anayumba kama mlevi wa Krismasi, na watu wazima wanapita mbele ya bucha wakiangalia upande wa pili. Mwenye bucha wetu pale mtaani Edmonton alibaki kasimama peke yake na kisu chake. Sisi nyumbani tulikula kuku. Kuku wa kuchemsha, kuku wa kukaanga, kuku wa nazi, supu ya shingo za kuku, mpaka mjukuu wangu Dani akaniuliza kama na sisi tutaota manyoya. Freeza ilijaa kuku wagumu kama mawe. Na bila kuku hao, Dani angekuwa mbeba chupa za maji mpaka leo.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Mama yake, binti yangu Mkamburi, alikuwa nesi, na nesi wa London hana nyumba, ana zamu. Basi mimi niliyekuja kutoka Wundanyi, Dani akiwa mchanga, kwa miezi mitatu tu nikawa mama, baba na saa ya kuamsha. Shule niliachia darasa la tatu, lakini adabu nilikuwa na digrii yake. Dani alipokuwa na miaka mitano, mgeni mmoja wa kutoka nyumbani aliniambia, "Wakesho, niongeze chai," na mtoto akadakia, "Wakesho, niongeze chai!" Nilimzaba kofi moja, vikombe vikalia, nikamwambia asirudie maisha yake yote. Kwetu mtoto hataji jina la nyanya yake. Siku hizi watoto wa hapa wanamwita mwalimu mkuu kwa jina lake la kwanza, na mwalimu anachekelea kama kapewa zawadi.

Enzi zetu mtoto alijulikana kwa namna anavyobeba. Msichana alianza na kibuyu kidogo cha maji, akaja kwenye kuni, na mwisho, akishaaminika, alipewa kuku. Ukitumwa kwa shangazi huendi mikono mitupu. Unakwenda na kuku hai kwapani, kutoka juu Wundanyi mpaka Mwatate, mteremko wa mawe na udongo mwekundu, mbwa huku, na kule wavulana wamejificha kwenye migomba wakurukie, umwachie kuku, wakucheke mwaka mzima. Kumfunga kamba ni aibu, watu watasema unapeleka mfungwa. Nyanya yangu alinionyesha mara moja tu: kifua cha kuku kwenye mbavu zako, mkia uingie kwenye kiwiko, kiganja kimfunike mbele, na mkono wa pili uje juu ukimwona mtu anakujia. "Mbebe kama mdogo wako mwenye homa," aliniambia, "na usisimame njiani hata uitwe." Niliwapita wale wavulana kama moshi. Mpaka leo nikifumba macho nausikia moyo wa kuku unadunda kwenye ubavu wangu, puku puku puku, na harufu ya manyoya na jasho langu mwenyewe. Sikuwahi kuachia kuku. Hata mmoja.

Sasa tuje kwenye huo mchezo. Dani alijiunga na klabu ya vijana ya futboli ya Kimarekani, kwenye uwanja wa matope kando ya reli, kila Jumapili, saa ambayo watu wa Mungu wako kanisani. Nilikwenda kuangalia nikadhani nimekuta vita. Wamevaa helmeti zenye vyuma mbele kama tundu la kuku, mabega ya plastiki, magodoro kwenye mapaja. Enzi zetu tuliangukia mawe na gauni moja. Wanauita futboli na mguu hauonekani kuugusa mpira, na mpira wenyewe si mviringo, ni kama papai bichi. Firimbi inalia, wanarukiana, wanakimbia umbali wa kutoka kitandani mpaka mlangoni, wanaanguka rundo, kisha wanasimama wanafanya mkutano. Firimbi, rundo, mkutano. Firimbi, rundo, mkutano. Kamati ya harusi haina mikutano mingi hivyo, na kamati ya harusi angalau inatoa soda.

Kazi ya Dani ilikuwa ile wanayoiita raningi beki. Anatiwa lile papai mikononi, anaambiwa haya, pita katikati ya hao. Mbio alikuwa nazo, alizirithi kwangu, si kwa ukoo wa baba yake ambao hata basi hawalikimbilii. Lakini akiguswa kidogo tu, papai chini. Kocha wao, Mmarekani mnene aliyewahi kuwa askari, akamwambia mbele ya wenzake: ukiangusha mara moja nyingine, utabeba chupa za maji.

Mtoto akarudi nyumbani hakula. Kuku wa nazi, hakula! Nikajua ni msiba. Nikafungua freeza, nikamtoa kuku mmoja, nikamtia kwapani na kuzunguka meza naye.

"Nyanya, uko sawa kweli?" aliniuliza kwa Kizungu. Kiswahili alikisikia chote, ila mdomoni kilimkwama.

"Funga mdomo, fungua kwapa. Kifua kwenye mbavu."

Wiki tatu, kila akitoka shule. Tuliishi ghorofa ya tatu, basi anashuka ngazi mbio na kupanda mbio, kuku wa barafu kwapani, na mimi nimejibana kwenye kona na mwiko, akipita nampiga mkono. Kuku wa barafu ni mwalimu mkali. Ukimlegeza anateleza, ukimkumbatia sawasawa anakuchoma kwa baridi. Siku moja akamponyoka, akabingirika ngazi zote, akaenda kugonga mlango wa jirani yetu wa chini, mama wa Kiairishi. Mama yule akafungua, akamwokota, akatupandishia.

"Chakula chenu kimetoroka," akasema.

"Nilikituma," nikamjibu.

Kuku yule tulimla jioni ile ile na mbavu zake zimevunjika. Lakini zile wiki tatu zilipokwisha, vijana watano walimning'inia Dani kama nguo kwenye kamba na papai halikutoka. Kocha mnene alirusha kofia yake juu. Chupa za maji akapewa mwingine.

Mwisho wa msimu wakafanya sherehe ukumbini, wazazi na soseji baridi. Nikavaa kitenge changu cha Pasaka na kofia yangu ya kanisani, nikabeba chupa ya chai na mahamri ya kutosha timu nzima, nikakaa mstari wa mbele. Dani akaitwa, akapewa kikombe, na kocha akamuuliza mbele ya wote, "Nani alikufundisha kubeba namna hii?"

Dani akaniangalia. Akawaangalia wenzake. Akaiangalia kofia yangu. Kisha akasema, "Nilijifundisha mwenyewe. Kwa video."

Video! Nyumbani kwetu kulikuwa na video moja, ya harusi ya mjomba wake.

Nilifunga chai yangu, nikafunga mahamri yangu, hakuna aliyeonja hata moja. Tulipofika nyumbani, kofia bado iko kichwani, nikamwambia kwa Kiswahili polepole apate kusikia vizuri: "Siji uwanjani kwako mpaka ulitaje jina la aliyekufundisha kubeba."

Akacheka. Alidhani ni hasira ya siku moja. Hakujua mtu aliyetembea na kuku Wundanyi mpaka Mwatate bila kusimama ana kichwa cha namna gani.

Alipofika miaka ishirini akachukuliwa na timu moja ya Ujerumani, ya wanaocheza kwa kazi. Yaani mtu mzima analipwa kwa kukimbia na papai. Mimi nilikimbia utoto wangu wote nikalipwa ndizi mbili na shangazi. Nisidanganye, nilijivuna. Jezi yake niliitundika sebuleni mahali pa kalenda. Kanisani, kila mtu akitoa ushuhuda wake, mimi wangu ulikuwa mfupi: "Mjukuu wangu haangushi." Runinga ikimwonyesha, naangalia mkono wake tu, sina habari na mengine. Kifua kwenye mbavu, mkia kwenye kiwiko, kiganja mbele, mkono wa pili juu. Natikisa kichwa peke yangu kama mtu mwenye siri.

Kila msimu alipiga simu. "Nyanya, kiti chako kipo." Na kila msimu nilimjibu maneno yale yale, bila kupunguza wala kuongeza.

Sasa nitawaambia jambo ambalo yeye hajui, na nyinyi mfunge midomo. Siku ile timu yake ya Ujerumani ilipokuja kucheza London, nilivaa kofia yangu. Nikapanda mabasi mawili. Nikafika mpaka nje ya lango la uwanja, nikasimama karibu na gari la kuuza baga, moshi wa vitunguu ukinipiga usoni. Ndani watu walikuwa wanaliita jina lake. Maelfu ya watu, Dani, Dani, na mimi niliyemfundisha nimesimama nje na wauza soda. Mguu mmoja ukasema ingia. Mwingine ukasema, video. Nikabaki hapo. Halafu kelele zikakatika ghafla, kama mtu kazima redio. Nikadhani ni mapumziko. Nikajivuta kurudi kwenye basi.

Ni goti. Mkamburi aliniambia nilipofika nyumbani. Walimwangukia watatu, goti likageuka nyuma mbele. Na mpira hakuuachia, alibebwa kwenye machela nao kwapani. Madaktari walimtia vyuma, wakamwambia basi. Alicheza misimu minne, na mimi, miguu yangu miwili ikiwa mizima, sikumwona akikimbia hata hatua moja kwa macho yangu, ila kwenye runinga.

Sasa ni kocha, na amerudi kwenye uwanja ule ule wa matope kando ya reli. Mwenzangu mmoja wa kanisani ana mjukuu pale, naye huniletea habari. Watoto wa siku hizi, anasema, wanavaa glavu zenye gundi ili mpira usiwatoke. Gundi! Sisi tungepaka gundi, kuku angefika kwa shangazi kifua hakina manyoya. Na anasema Dani huja na sanduku la barafu, anawagawia kuku wa dukani, wanakimbia nao wakilia baridi, naye anachechemea nyuma yao na mwiko. Mwiko wangu! Nilikuwa nautafuta miezi.

Juzi akapiga simu. "Nyanya, Jumamosi nakuja kukuchukua na gari mpaka mlangoni. Nimeshawaambia vijana kuhusu wewe."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba nyanya yangu ndiye alinifundisha."

"Nyanya yupi? Kila kituo cha basi London kina nyanya watatu wanaolalamikia mvua. Mimi ni yupi kati yao?"

Akaacha Kizungu, akaongea Kiswahili, kile kile kilichokuwa kinamkwama, kikatoka kizima kizima. "Nyanya, ile siku ya kikombe niliona haya. Nilikuwa mjinga, nisamehe. Lakini baada ya hapo si haya tena. Jina lako nililitaja mara moja, nikiwa na miaka mitano, ukanizaba kofi. Uliniambia nisirudie tena maisha yangu yote. Sasa nilitaje vipi?"

Nikakiangalia kiganja changu cha kulia. Enzi zile kilifunika kifua cha kuku hai, nikisikia moyo wake, na miguu yangu haikujua kuchoka. Siku hizi kinashika simu na kidonge cha presha, na mtoto aliyekuwa akishuka ngazi zangu mbio hawezi kuzipanda bila kushika ukuta. Kofia yangu ilikuwa pale pale kwenye msumari, chini ya jezi. Nikamjibu maneno yale yale, bila kupunguza wala kuongeza.

"Siji uwanjani kwako mpaka ulitaje jina la aliyekufundisha kubeba."