Siku Shangazi Alipokwenda Kumtazama Askari wa Shaba

Asubuhi ile nyumba yetu ya Temeke ilinukia udi hadi uani. Shangazi Mwanahawa, dada wa baba, ndiye aliyenilea, alikuwa akifukiza kanga zake, kwani tulikuwa tunakwenda mjini kutazama sanamu mpya ya askari. Furaha ilinijaa hata uji haukupita. Harusi nayo niliitamani, tena ya Shangazi mwenyewe, maana nilikwishaahidiwa gauni. Fundi Athumani, jirani mshona kanzu, alimposa zaidi ya mara moja, naye kila mara alijibu kwamba yeye bado mke wa mtu. Mumewe, Salum, alichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo ya vita, hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari ya kifo. Kadhi alikuwa radhi kumfungua kifungo cha ndoa; mwenyewe ndiye hakutaka. Bila habari hakukaa eda, na bila eda aolewe vipi? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu ndilo lililouma kuliko yote.

Tulifika jua limekwishapanda. Lo, askari yule! Bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini, utadhani ataruka sasa hivi. Nilimzunguka mbio na watoto wengine, tukibishana akishuka atamfukuza nani kwanza. Shangazi hakukawia kumtazama. "Huyu wa juu simjui mie," alisema, akaenda ubavuni mwa jiwe alilosimamia askari. Pale palikuwa na picha ya shaba ya wapagazi na mizigo yao. Akapitisha kidole usoni mwa mmoja mmoja. Kisha akamgeukia karani mmoja aliyekuwa akisoma maandishi.

"Kaka, hawa wamewekwa kwa nini?"

"Ni ukumbusho, dada. Wa waliokufa vitani, askari na wapagazi."

"Basi serikali iliyomchukua ndiyo imeniletea habari," akasema. "Inna lillahi." Akajifunika kanga usoni, akalia palepale kwa sauti, nami nikalia naye bila kujua kama nina huzuni au furaha.

Jioni ile alivua bangili akaingia edani. Ilipokwisha, Fundi Athumani alirudi kuposa, na gauni langu alilishona mwenyewe. Leo magari huizunguka sanamu bila kupunguza mwendo, na wanaosimama humpiga picha askari wa juu tu. Wapagazi wa ubavuni hawana jina hata mmoja. Jina la Salum analo binamu yangu, mwana wa kwanza wa Shangazi, na aliyempa ni Fundi Athumani.