Baba Alipokwama Uwandani Kinanie

Sogea karibu, msikilizaji wangu, maana harufu haielezeki kwa mtu aliye mbali. Petroli iliyochanganywa na oili, ikiungua polepole ndani ya injini iliyochakaa, hunukia tamu kidogo, kama sukari iliyoungulia sufuriani, kisha hukukwaruza koo. Kiangazi kizima cha mwaka wangu wa kumi na tatu nyumba yetu, kwenye vilima vya Iveti juu ya mji wa Machakos, ilinuka hivyo. Harufu iliingia kwenye mashuka, kwenye muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe, kwenye sweta yangu ya shule. Darasani, Kyalo aliyeketi nyuma yangu alivuta pumzi kwa sauti na kutangaza, "Stesheni ya petroli imefika. Mtu asiwashe kiberiti!" Nami niliinamisha kichwa juu ya daftari mpaka kicheko kiishe.

Mwenye harufu hiyo alikuwa Baba. Alikuwa fundi wa mashine za kusaga unga, mtu wa kanisa, mpole, mwenye kitambi. Basi akapata pikipiki kuukuu kuliko ndoa yake, akasikia kwamba kule Kinanie, karibu na Athi River, kuna watu wanaoshindana kwa pikipiki za zamani tu. Akaamua kuanza. Wengi hudhani mchezo huu huanza na kasi. Sivyo. Kwanza unavua kila kisichohitajika: taa, vioo, honi. Halafu unatengeneza breki mpaka uziamini. Mwisho unajifunza kuwasha kwa kusukuma, kwa sababu katika mashindano yale injini zote hunyamaza mpaka bendera ishuke. Unatia gia ya pili, unabana klachi, unakimbia ukiisukuma. Unaachia klachi, injini inakohoa, unarukia kiti. Baba alifanya hivyo kila jioni kwenye mteremko ulio chini ya nyumba yetu, na kila jioni pikipiki iliwaka. Majirani walipomuuliza mtu mzima ameingiwa na nini, alijibu, "Inawaka ama haiwaki?" Mcheza kwao hutunzwa. Sisi watu wa vilimani hatukujiuliza kama kilichomtunza ni ustadi wake au ni ule mteremko.

Siku ya mashindano nusu ya kwaya yetu ilikuja kumtazama, na Kyalo pia. Wenzake Baba walivaa ngozi kutoka shingoni hadi kifundoni. Yeye alivaa gambuti na koti la kanisani, vifungo vyote vimefungwa. Masharti yalikuwa mepesi: pikipiki ambayo haijawaka kabla wa mbele hawajamaliza mzunguko wa kwanza huondolewa, na mwenyewe hapokelewi tena. Baba alikwisha kuliambia kanisa zima kwamba yeye sasa ni mshindani.

Bendera ikashuka. Pikipiki nyingine zikakohoa, zikanguruma, zikaondoka. Baba alikimbia, akaachia klachi. Gurudumu likaburura mchanga, kimya. Akakimbia tena. Kimya. Uwanda wa Kinanie ni tambarare kama sinia, na hapo ndipo nilipoelewa, na nadhani yeye pia alielewa, kwamba hatukuwa tumekuja na kilima chetu.

"Mzee, hiyo ni pikipiki ama ni ng'ombe unapeleka mnadani?" mtu mmoja akauliza, na watu wakaangua kicheko. Baba akainua kichwa, akanitafuta. Mimi nina jina la mama yake mzazi, na kwetu Ukambani baba humwita binti wa namna hiyo "mwaitu", yaani mama yangu. Nyumbani nililipenda neno hilo.

"Mwaitu!" akapaza sauti. "Mwaitu, kuja unisukume!"

"Ameita mamake!"

"Mama, sukuma mtoto!"

"Ndunge," Kyalo akaniambia, akijishika mbavu, "si mtoto wako anakuita?"

Nilikuwa na gauni jeupe la kwaya. Vumbi la waliotangulia lilikwisha kupinda kona ya mbali, likirudi kwetu. Sikwenda kwa ushujaa; nilikwenda kwa sababu macho yote yalikwisha kunigeukia. Nilikamata kitu cha kwanza nilichokiona, madigadi ya nyuma, lile bati la juu ya gurudumu ambalo Baba aliliacha bila kulivua ili koti lisichafuke. "Kimbia, mwaitu!" Tukakimbia. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka. Pikipiki ikachomoka, madigadi ikabaki mikononi mwangu, nami nikaanguka kifudifudi. Niliinuka na mchanga mdomoni, nimeishika madigadi ya baba yangu kama anayewapelekea wageni chai. Kicheko kile nakisikia hadi leo. Mwenye bendera nyekundu, aliyekuwa tayari kumwondoa Baba, akaikunja. Baba alizunguka ndani ya moshi wa buluu, udongo ukimrukia mgongoni, akamaliza wa mwisho kabisa.

"Hata ilikuwa inaongeza uzito tu," alisema, akiichukua madigadi, kisha akanikumbatia mbele ya watu wote. Nilijichomoa. Mpaka namaliza shule niliitwa Madigadi.

Leo mimi ndiye ninayeiendesha pikipiki ile, na aibu haikunihama. Siku hizi watu huja na simu, na mtu akianguka Kinanie anaonekana Nairobi kabla hajajipangusa. Mwanangu husimama nyuma ya tangi la maji, kofia imeshuka hadi machoni, na akiulizwa husema amekuja na marafiki. Simlaumu. Baba hawezi tena kukimbia; hukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya njia na kuniita, "Mwaitu, klachi!" Watu hucheka kama zamani, na uso wangu huwaka kama zamani. Tofauti ni moja: zamani nilitazama chini, siku hizi namjibu, "Naisikia, mwanangu!" na wanacheka zaidi.

Nawe ukitaka kuanza, njoo. Anza kwa kumsukuma mwenzako: shika fremu chini ya kiti kwa mikono miwili, usishike madigadi, kimbia bila kutazama watu, na ukisikia injini inakohoa, achia.