Hawakugombana

Mkutubi wa shule alimlea mpwa wake kwa riwaya za mwandishi mmoja maarufu. Mpwa alizaliwa mvulana. Alipokua akasema yeye ni mwanamke. Mwaka huu mwandishi akatangaza kwamba watu wa namna hiyo wanajidanganya, na huko mitandaoni kukachafuka.

Mpwa akaja maktaba, akamkuta mkutubi akibandika kwa gundi jalada la kitabu lililochomoka.

"Shangazi, unakubaliana naye?"

"Kwa sehemu, mwanangu. Siwezi kukuficha."

"Asante kwa kutonizunguka."

Wakazungumza mpaka chai ikapoa, bila kukatizana wala kupandishiana sauti. Mpwa akaaga kwa adabu.

Huu ni mwezi wa tatu tangu siku ile, hajapiga simu. Shangazi hukaa akiwaza: laiti wangegombana, angejua pa kuanzia kuomba radhi.