Mume Wangu Alimtungia Marehemu Baba Maneno

Msibani kwa baba yangu, mzee mmoja alisimama mbele ya jeneza akauliza, "Kama aliniita, mbona hamkuja kunichukua?"

Hata wale wa jikoni waliacha masufuria wakachungulia.

Ngoja nianze vizuri.

Naitwa Julieth. Hii page ni ya mume wangu, Renatus, yule anayewaliza na "visa vya kweli" mkiwa kazini. Leo naandika mimi. Yeye anajua, yuko chumbani kageukia ukuta.

Renatus alianza na hadithi fupi za magazetini, zikikatwa katikati kupisha matangazo. Zikafuata riwaya mbili, akizitembeza kwenye boksi nyuma ya bodaboda, shule hadi shule hapa Tabora. Halafu akaingia Facebook, na huko ndiko alikotoboa.

Mbinu yake ni moja tu. Kila anachotunga, anasema kimetokea.

Riwaya yake ya wapagazi wa misafara ya zamani ina kisima alichokibuni mezani kwetu, ugali ukipoa. Siku hizi kuna mtu kwenye njia hiyo ya misafara anawaonyesha wageni mahali kilipokuwa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na nikajivuna kuwa na mume wa namna hiyo.

Sasa tuje msibani.

Baba yangu, mzee Zablon, alikuwa mkulima wa tumbaku Urambo. Amefariki mwezi wa tano mwaka huu. Mdogo wake pekee, baba mdogo Ezekia, anaishi Ulyankulu, na walikuwa hawasemeshani tangu mimi niko shule ya msingi.

Mwaka ule baba mdogo aliachiwa zamu ya kuangalia moto kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Usingizi ukampitia. Bani likaungua na tumbaku yote ya msimu.

Basi ndugu wakakaa, wakaulizana wasifu wa marehemu aandike nani. Jibu walikuwa nalo. Mkwe si mwandishi?

Renatus akaandika, akanisomea nyuma ya nyumba. Kuzaliwa, ubatizo, ndoa, vyote vizuri. Kisha ikaja aya ya mwisho.

"Siku zake za mwisho, marehemu alimwita mdogo wake Ezekia kwa jina. Alisema, lile bani lilikuwa miti na majani tu, mwambieni aje tule."

Nikamuuliza, "Baba Ambrosi, haya nani kakwambia?"

"Hakuna. Ila wasifu bila hii ni mkavu. Mzee wa watu, baba mdogo, atalala usingizi. Kuna ubaya gani?"

Nilikuwa nalia tayari. Nikamwambia, "Iache."

Aibu yangu inaanzia hapo. Nilijua ni uongo, nikaupenda.

Siku ya mazishi ukasomwa. Akina mama wakalia kwa sauti. Baba mdogo alikuwa kasimama nyuma kabisa, zilipoegeshwa baiskeli, kofia mkononi. Akaja mbele taratibu, watu wakimpisha, ndipo akauliza lile swali.

Macho yote yakamgeukia mama. Yeye ndiye aliyemuuguza baba mpaka mwisho. Akajifunika khanga usoni, akaniita kwa mkono, tukaingia ndani.

Kwetu sisi Wanyamwezi, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja, wala hawahojiani uso kwa uso. Kwa hiyo mama asingeweza kumuuliza Renatus. Aliniuliza mimi.

"Nani kamwambia mumeo?"

"Kamwambia nini, mama?"

"Kwamba alimwita."

Nikafungua mdomo niseme katunga tu. Mama hakunipa nafasi.

"Alimwita kila siku. Mimi nikamdanganya kwamba tumetuma mtu Ulyankulu, na Ezekia kakataa kuja."

"Mama."

"Mwaka wa lile bani, Magreth aliugua. Pesa ya kumfikisha hospitali Tabora ilikuwa ndani ya ile tumbaku. Ezekia kalala, mwanangu kafa. Ningemkalisha vipi kwenye kitanda cha mume wangu?"

Magreth alikuwa mdogo wangu. Nilichokuwa najua ni kwamba alikufa kwa homa. Nilikaa kwenye gunia la mahindi.

Huko nje minong'ono ilikuwa imeanza, na yote ilikuwa inamlenga mama. Renatus akaisikia. Na mume wangu huyu, ambaye hajawahi kukiri kwamba ametunga hata koma, siku hiyo akaingiwa na uungwana. Akachukua kipaza sauti.

Tulimsikia kupitia dirishani. "Baba mdogo, nisamehe. Mama hana kosa lolote. Yale maneno niliyatunga mimi. Marehemu hakukuita."

Mama akanitazama. Nikamwona anashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Akaifunga khanga yake vizuri, akatoka kwenda kumzika mumewe.

Nami nikamfuata. Sikusema neno.

Renatus alitukanwa siku ile mpaka nikamhurumia. Baba mdogo hakumtukana. Alitupia udongo wake kaburini, akapanda bodaboda akaondoka bila kula.

Nilikaa na lile jambo kifuani mpaka likanishinda. Nikamwambia Renatus. Tangu siku hiyo hajaandika hata mstari. Wiki iliyopita nikafunga safari ya Ulyankulu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamweleza yote, hata ya Magreth. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha.

"Nakushukuru kwa moyo wako," akasema. "Lakini haya mlinisomea msibani, nikalia mbele za watu. Hata machozi hayajakauka, mkaniambia ni hadithi. Leo mumeo amekutuma wewe?"

"Hajanituma mtu. Mama ndiye aliyeniambia, kwa mdomo wake."

"Basi huo mdomo uje hapa."

Kisha akamwambia mkewe aniletee ugali. Walinikirimu vizuri sana.

Nikapitia Urambo kumwomba mama. Nilimkuta anapepeta maharage. Nilimsihi, nikapiga magoti. Hakuacha kupepeta.

"Mumeo alishalimaliza hilo. Mbele za watu wote, na kipaza sauti. Unataka nilifukue la nini?"

Nikainuka, nikarudi Tabora.

Najua mtakavyoandika hapo chini. Umetisha, dada, shusha nyingine. Andikeni tu, tumewazoesha wenyewe. Ila kuna mzee Ulyankulu anaamini kaka yake alikufa akiwa na kinyongo naye. Mama anaujua ukweli na hataki kuusema. Mimi na mume wangu tunataka kuusema, na hakuna wa kutuamini.

Nina aibu kwa mama, kwa mume wangu, na zaidi kwa lile neno langu, iache.

Maiti hana mdomo wa kukanusha, ndugu zangu. Msimwazime wenu.