Mwalimu Alisema Tulete Muti

Mwalimu wetu alitoka Kasai, na kwa vile vita vilifunga njia ya mushahara wa serikali, ni wazazi wetu wa Butembo ndio walimulisha: maharagi, makala ya kupikia, kuni. Kwa hiyo siku alipomaliza somo la environnement, yaani mazingira, na kusema, “Kesho kila mutoto alete muti,” hakuna aliyeuliza swali. Kwetu muti ni muti, uwe umesimama porini, uwe umelala kwenye mafiga. Tulifikiri jiko lake limezimika.

Asubuhi tulifika na kuni kichwani. Mwalimu akashika kiuno. “Lakini batoto, nilitaka miti ya kupanda!”

Muke wake alikuwa amekwisha kutokea nyumbani, anacheka, anachagua zilizokauka. Changu, kijiti kibichi cha mutoma nilichokata njiani, akakichomeka kwenye tope nyuma ya darasa. “Hiki kitanitoa machozi ya moshi tu.” Darasa lote likanicheka. Nilikasirika mpaka nikakataa kuimba.

Mvua ikanyesha, na kijiti cha mutoma, muti usiokataa kuota popote, kikatoa majani. Mwalimu akatupeleka wote pale, akatangaza kwamba ni mimi peke yangu niliyeelewa somo.

Sikumupinga hata kidogo.